Sanamu Nje ya Uwanja: Nani Anastahili Kusimama Kambarage, Nyankumbu na Kirumba

Mjadala kuhusu mchezaji anayestahili kusimamishiwa sanamu nje ya uwanja wa timu yake kwa kawaida huanzia kwenye mabao, mataji na miaka ya utumishi, huku swali linalotangulia yote hayo likirukwa, nalo ni kwamba uwanja wenyewe ni wa nani na timu yenyewe itadumu kwa muda gani. Katika miji mikubwa ya soka ya Ulaya swali hilo halina uzito, kwa kuwa mara nyingi klabu ina uwanja wake na umri unaozidi karne moja. Lakini kwa shabiki wa Didia, kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, ambaye ameifuata Ligi Kuu kwa kwenda Kambarage mjini Shinyanga, au Mwadui wilayani Kishapu, au kwa kusikiliza redioni habari za Geita, swali hilo ndilo linaloamua mengine yote. Ukanda huu wa almasi na dhahabu uliingiza timu tatu katika Ligi Kuu kati ya mwaka 2014 na 2021, na kufikia mwaka 2024 zote tatu zilikuwa zimeshuka daraja.

Sanamu inayozungumziwa hapa ni umbo la mtu, aghalabu lenye ukubwa wa mwili wake au zaidi, lililomiminwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati na kuwekwa mahali pa wazi, ambapo shabiki hulipita kabla hajafika mlangoni. Kwa hiyo ni tofauti na picha ukutani, na jukwaa lililopewa jina la mchezaji, na hata jezi iliyostaafishwa, yaani namba ambayo klabu imeamua isivaliwe tena na mtu mwingine, kwa kuwa heshima hizo zote zinaweza kufutwa kimyakimya na uongozi mpya, ilhali sanamu ikishasimama haiondolewi pasipo watu kuona. Desturi yenyewe si kongwe. Nchini Uingereza, ambako sanamu za aina hii ni nyingi kuliko kwingine, nyingi zimesimamishwa tangu miaka ya 1990: Billy Bremner nje ya uwanja wa Leeds mwaka 1999, Bobby Moore mbele ya Wembley mwaka 2007, George Best, Denis Law na Bobby Charlton wakiwa pamoja nje ya Old Trafford mwaka 2008, na Thierry Henry nje ya uwanja wa Arsenal mwaka 2011.

Orodha hiyo fupi inatosha kuonyesha kwamba hakuna kipimo kimoja. Bremner aliingia Leeds akiwa kijana na kuondoka mwaka 1976 baada ya kuwa nahodha kwa miaka mingi, hivyo anawakilisha kipimo cha utumishi mrefu. Moore hakuwahi kuwa na klabu Wembley. Amesimama pale kwa sababu ya siku moja ya mwaka 1966, alipopokea Kombe la Dunia. Henry si mzaliwa wa London, na alikwenda Barcelona angali na miaka mizuri ya kucheza, lakini sanamu yake inamwonyesha akiwa amepiga magoti baada ya bao dhidi ya Tottenham, kitendo ambacho shabiki wa Arsenal anaweza kukieleza bila kutajiwa jina la mtendaji. Kinachowaunganisha watatu hao, na ambacho uchambuzi huu unakichukua kuwa ndicho kipimo halisi, ni kwamba tendo la kila mmoja haliwezi kusimuliwa bila kutaja mahali. Utumishi mrefu, mataji na hata kuzaliwa mtaa wa jirani ni ushahidi wa uhusiano huo tu, kwa maana mchezaji anaweza kukaa miaka kumi na miwili katika timu asiache jambo hata moja ambalo lisingetendwa na mwingine.

Mahali hapo, hata hivyo, si lazima pawe nyumbani. Eusébio alizaliwa mwaka 1942 Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, akajifunza soka mitaani kwao, na sanamu yake imesimama tangu mwaka 1992 mbele ya uwanja wa Benfica jijini Lisbon, katika nchi iliyokuwa ikiitawala nchi yake. Haki ya Benfica kumsimamisha haina shaka, kwa kuwa alicheza huko kwa miaka kumi na mitano. Lakini mfano wake unafunua kanuni ngumu ambayo mikoa ya Kanda ya Ziwa inaijua vizuri, kwamba sanamu hufuata soko la mchezaji na si shina lake.

Kuna pia sanamu zilizokosewa, nazo zinafundisha kuliko zilizofanikiwa. Mwaka 2011 mmiliki wa Fulham alimsimamisha mwanamuziki Michael Jackson nje ya uwanja wa klabu hiyo, na mwaka 2013 mmiliki aliyefuata akaiondoa. Mjini Malmö, Sweden, sanamu ya Zlatan Ibrahimović ilizinduliwa Oktoba 2019 mchezaji mwenyewe akiwa bado hajastaafu. Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba amenunua hisa katika Hammarby, timu ya Stockholm, na mashabiki wa Malmö wakaishambulia hadi ikaangushwa Januari 2020. Waswahili walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ingawa si haki kumlaumu Ibrahimović kwa kuwekeza fedha zake anakotaka, tukio hilo linatosha kuweka sharti la kwanza la kiutaratibu: mchezaji asisimamishiwe sanamu kabla maisha yake ya soka hayajafikia mwisho, kwa sababu kabla ya hapo tendo lake bado linaweza kubadilishiwa maana.

Barani Afrika sanamu na majengo ya kumbukumbu ya wanasoka yamefuata njia nyingine, ambayo ni ya msiba zaidi kuliko ya ushindi. Katika Uwanja wa Taifa wa Lagos kuna sanamu ya kichwa na mabega ya Samuel Okwaraji, aliyeanguka na kufa hapohapo uwanjani tarehe 12 Agosti 1989 Nigeria ikicheza na Angola. Jijini Lusaka, karibu na Uwanja wa Uhuru, wamezikwa wachezaji wa Zambia waliokufa katika ajali ya ndege nje ya pwani ya Gabon tarehe 27 Aprili 1993, na uwanja mpya uliojengwa jirani ukaitwa wa Mashujaa kwa ajili yao. Kumasi, Ghana, uwanja mkubwa una jina la Baba Yara, winga aliyepooza kwa ajali ya barabarani mwaka 1963. Katika mifano yote hiyo kifo au maumivu ndiyo yaliyomfunga mchezaji na mahali, kana kwamba furaha peke yake haitoshi kuombewa shaba.

Tanzania haijafika hata hapo. Anayepita katika viwanja vya mikoani hukutana na majina ya viongozi: Sokoine mjini Mbeya, Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora, Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, Karume mjini Musoma, na Kambarage mjini Shinyanga, ambalo ni jina la Mwalimu Nyerere mwenyewe. Uwanja mkubwa wa Dar es Salaam nao ulipewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020. Mchezaji ameheshimiwa kwa vitu vidogo zaidi. Jella Mtagwa, aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars kwa miaka mingi, aliwekwa katika stempu ya posta, heshima ambayo kwa ukubwa ni ya sentimita chache ingawa kwa safari ilifika mbali. Mwaka 2017 mtaa mmoja wa Ubungo ulipewa jina la Victor Wanyama, Mkenya aliyekuwa akichezea Tottenham na ambaye alikuwa amekuja nchini mapumzikoni, na kibao hakikukaa hata wiki kabla ya kung'olewa. Kisa hicho kilichekwa sana, lakini kiini chake hakikuwa kichekesho: Wanyama alikuwa na sifa zote za mpira, na alichokosa ni tendo lolote lililotendeka Ubungo.

Hapa ndipo suala la umiliki linapoingia. Viwanja vingi vya mikoani, Kambarage na Kirumba vikiwamo, ni mali ya Chama cha Mapinduzi, na timu huvitumia kama mpangaji. Geita Gold ilichezea Nyankumbu, uwanja wa shule ya sekondari ya wasichana, na ni vigumu kuepuka fikra kwamba, kama haki ingefuata ardhi, sanamu ya kwanza pale ingekuwa ya msichana. Hata Simba na Yanga, pamoja na ukubwa wao wote, mechi zao za ligi zimechezwa kwa miaka mingi katika uwanja wa serikali, na mlango ambao Yanga inaweza kuuita wake ni ule wa Kaunda, pale Jangwani. Kwa hiyo Abdallah Kibadeni, aliyefunga mabao matatu peke yake Simba ilipoifunga Yanga 6–0 tarehe 19 Julai 1977, ana tendo lisilo na mpinzani na hana lango la kusimama. Akiwekwa nje ya uwanja wa taifa, nusu ya wanaopita watakuwa wa upande wa pili.

Klabu ambayo swali hili lina jibu la vitendo ni Azam, yenye uwanja wake Chamazi. John Bocco alikuwapo timu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2008, akawa nahodha wa kikosi kilichochukua ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo, akanyanyua Kombe la Kagame mwaka 2015, kisha mwaka 2017 akahamia Simba na kufanikiwa huko pia. Wapo watakaosema kuhama huko kunamwondolea haki, lakini hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa tendo la kuitoa klabu changa kwenye udogo na kuifikisha kileleni lilikwisha kukamilika na haliwezi kuhamishwa pamoja na mkataba wake.

Katika ukanda wa madini ugumu ni wa aina nyingine, na chanzo chake ni kwamba timu za huku kwa muda mrefu zimekuwa za mwajiri. Wakati wa uchumi wa mashirika ya umma, kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana kwa kifupi kama RTC, zilikuwa na timu zao, na mamlaka za mazao zilikuwa na zao. Mchezaji aliajiriwa kazini na kulipwa mshahara kama karani au fundi. Uchumi ulipofunguliwa na mashirika yakafa au kuuzwa, timu zilikufa nayo, au zilibadilishwa majina hadi zikasahaulika. Shinyanga ilikuwa na Biashara, timu iliyotokana na mfumo huo wa RTC, na humo alipita Edibily Lunyamila, winga mwenye kasi ambaye kizazi cha miaka ya 1990 kinamkumbuka kwa jezi ya Yanga. Lunyamila ndiye Eusébio wa simulizi hii kwa kipimo cha nyumbani: uwanja ulioshuhudia ujana wake hauna timu ya kumdai, na timu inayomdai haina haja ya kuitaja Shinyanga.

Stand United ilikuja kwa njia tofauti, na pengine ndiyo sababu ilipendwa haraka. Ilianzia kwa watu wa stendi ya mabasi, wapiga debe na wenzao, yaani wale wanaoita abiria na kujaza magari. Ikajiita Chama la Wana, na ikapanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15. Mwaka 2015 ikapata udhamini wa kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikichimba dhahabu Bulyanhulu na Buzwagi, kisha mgogoro wa uongozi ukazuka kati ya waliotaka timu iendeshwe kama kampuni na waliotaka ibaki ya wanachama, na udhamini ukakatika. Mwaka 2019 timu ikashuka. Katika miaka hiyo mitano kuna wachezaji wawili ambao shabiki wa Kambarage angeweza kuwatetea. Wa kwanza ni Elias Maguri, ambaye akiwa mchezaji wa Stand aliifungia Taifa Stars dhidi ya Algeria tarehe 14 Novemba 2015, katika sare ya 2–2 ambayo bao jingine lilikuwa la Mbwana Samatta, aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe. Wa pili ni Alex Kitenge, Mrundi aliyefunga mabao matatu peke yake dhidi ya Yanga Septemba 2018 na bado akatoka uwanjani akiwa ameshindwa, 4–3. Matendo yote mawili ni makubwa, na yote mawili yalitendeka Dar es Salaam. Maguri baadaye alikwenda kucheza Oman. Kitenge naye hakukaa. Kwa kipimo kilichowekwa hapo juu, hakuna kati yao anayefuzu, na jibu la haki kwa Kambarage ni kwamba aliyetenda tendo lisilohamishika ni stendi yenyewe. Sanamu ya mpiga debe, mkono mmoja juu na mdomo wazi, ingeeleza historia ya timu hiyo kuliko ya mfungaji yeyote, ingawa ni kweli kwamba hakuna kamati ingeipitisha.

Kuhusu Mwadui maelezo ni mafupi. Timu ya mji wa almasi, mji uliozaliwa kutokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940, ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16 ikifundishwa na Jamhuri Kihwelo, maarufu Julio, ikashuka mwaka 2021, na katika kipindi hicho jina lililosikika kuliko la mchezaji yeyote lilikuwa la kocha.

Geita ndiyo yenye kesi nzito. Msimu wa 2021/22, ukiwa wa kwanza kwa Geita Gold katika Ligi Kuu, George Mpole alifunga mabao 17 na kuwa mfungaji bora, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, na timu ikamaliza ya nne na kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka likumbukwe kwamba Mayele alikuwa akilishwa na kikosi bora nchini, ilhali Mpole alikuwa katika timu ya halmashauri ya mji iliyodhaminiwa na mgodi, na ya msimu mmoja tu. Katika msimu uliofuata alihamia Lupopo ya Lubumbashi, Kongo. Wachimbaji wadogo huita rashi ule mkusanyiko wa ghafla wa watu mahali dhahabu ilipoonekana, na hutambua rashi kwa jinsi inavyohama: duara likikauka, kambi yote inavunjwa na kupelekwa kwingine. Msimu wa Mpole ulikuwa rashi ya mabao. Hilo si tusi, kwa kuwa miji mizima ya ukanda huu imejengwa juu ya rashi. Ila linaonyesha kwamba deni ni la Geita kwa mchezaji wake, na kwamba mji ambao timu yake ilishuka miaka miwili tu baadaye unapaswa kwanza kuithibitishia timu hiyo uhai, ndipo uagize shaba.

Kwamba mji wa madini unaweza kufanya hivyo, ushahidi uko hukohuko Lubumbashi, mji mwingine unaosema Kiswahili. TP Mazembe, iliyoanzishwa mwaka 1939 katika mji wa shaba, ilipoteza nguvu, ikafufuliwa kwa fedha za Moïse Katumbi, na tangu mwaka 2012 inachezea uwanja wake Kamalondo. Katika klabu hiyo kipa Robert Kidiaba alikaa zaidi ya mwongo mmoja, akafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, ambayo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kuifikia, na kila bao la timu yake alilisherehekea kwa kurukaruka ameketi, makalio yakipiga nyasi. Ana muda, tendo na mkao. Mchongaji asingehitaji kuuliza amweke vipi. Kinachoitofautisha Lubumbashi na Shinyanga si mapenzi ya mpira. Ni kwamba huko klabu iliendelea kuwapo katika vipindi ambavyo fedha hazikuwapo.

Mapingamizi dhidi ya sanamu zenyewe ni matatu, na hayalingani. La dini lina nguvu zaidi Pwani na Zanzibar, ambako Waislamu wengi hawaridhii umbo la mwanadamu lisimamishwe hadharani, na huko jina la jukwaa au la barabara ni heshima inayofaa zaidi. La gharama ni la kweli katika wilaya zenye zahanati zisizo na vitanda vya kutosha, hasa kwa kuwa fedha ambazo migodi hutoa kwa jamii kisheria hupangwa kwa makubaliano na halmashauri, na diwani atakayependekeza shaba mbele ya darasa atakuwa na kazi ya kujieleza. Isitoshe, wanunuzi wa vyuma chakavu nao wana macho. La tatu, la sura kutofanana, ndilo linalosemwa zaidi na lenye uzito mdogo. Sanamu ya Mwalimu Nyerere iliyozinduliwa katika makao ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, Februari 2024, ilizua mabishano nchini kama kweli ni yeye, lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kufanana uso ndiyo kazi ya sanamu. Wasukuma, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya ukanda huu, walikuwa na mtazamo mwingine: katika mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili pinzani ambavyo ushabiki wake hauna cha kujifunza kwa Simba na Yanga, maumbo makubwa ya mbao yalitolewa mbele ya watazamaji ili kuvuta umati kutoka upande wa pili, na thamani yake ilikuwa katika mshangao. Mtu wa Didia anayeambiwa kwamba sanamu kwenye mashindano ni jambo la Wazungu anaweza kujibu kwamba babu zake walikwisha kulijua.

Ikibidi lango moja lichaguliwe katika Kanda ya Ziwa nzima, basi ni la Kirumba, Mwanza, na wa kusimama hapo si mmoja. Mwaka 1990 Pamba ilitwaa ubingwa wa Muungano, mashindano yaliyokuwa yakikutanisha timu za juu za Bara na Zanzibar, kwa kikosi ambacho wazee wa Mwanza bado wanakitaja jina kwa jina, akiwamo Khalfan Ngassa, baba wa Mrisho Ngassa aliyekuja kuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa Taifa Stars. Pamba ilikuwa timu ya zao, na zao liliposhuka bei timu nayo ilishuka, ikatoka Ligi Kuu mwaka 2001 na kurudi mwaka 2024 ikiwa ya jiji na ikiitwa Pamba Jiji. Miaka 23 ya kutokuwapo ni muda wa kutosha kuthibitisha kwamba tendo la 1990 halikuhitaji mwajiri ili likumbukwe. Sharti la kungoja limetimia, na mashahidi bado wako hai wa kumwelekeza mchongaji nani alikuwa mrefu, nani alivaa soksi zimeshuka. Linalobaki ni idhini ya mwenye uwanja, ambaye si Pamba.